Kuku wa mama mkwe akutwa na ‘utepe’ tumboni!

JUMAPILI moja asubuhi, kwenye nyumba yetu ya kupanga hapa Manzese, kulizuka kasheshe uani. Binti mmoja, mpangaji mwenzetu, alikuwa anatengeneza kuku wa kienyeji. Si kuku wa hivi hivi bwana. Siku hiyo mama mkwe mtarajiwa alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza kumwona mchumba wa mwanawe, na wewe msomaji unajua mgeni wa namna hiyo hapikiwi maharage.

Kuku mwenyewe alinunuliwa sokoni akiwa hai. Jogoo wa Singida, wale wanaoletwa Dar kwenye matenga, miguu mirefu, nyama ya kuhesabu lakini supu yake usipime. Binti kachinjiwa, kanyonyoa, kapasua. Kisu kikateleza kikachana utumbo. Kikatoka kitu cheupe, bapa, kama utepe wa kaseti, kinajikunja na kujinyoosha taratibu. Binti alipiga yowe mpaka waliokuwa wamelala wakatoka na kanga.

Hapo kila mtu akageuka daktari. Mmoja akasema minyoo hiyo ukiila inakuotea tumboni. Mwingine akasema kuku kalishwa uchafu wa dampo. Hakukosa pia wa kusema kuku katumwa. Binti kwa kuchanganyikiwa akamtupa kuku mzima jalalani. Mama mkwe akala chipsi mayai, akashukuru kwa sauti ya chini, akaondoka. Kesho yake stori ikawa imeshafika mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda: yule binti alitaka kumlisha mama mkwe minyoo! Mchumba naye akaanza kuwa na kazi nyingi ghafla.

Sasa, mshkaji wetu mmoja wa chumba cha nyuma aliuokota ule utumbo. Tulimcheka, lakini alikuwa na sababu. Miezi 2 kabla, jamaa alinunua mitetea 12 kwenye soko lile lile aanze ufugaji. Hela yote ya akiba ilikwenda huko. Kuku wakala, wakala tena, lakini wakawa wepesi kama maboksi matupu, mayai hakuna, na 5 walikwishakufa. Dawa ya minyoo aliwawekea kwenye maji mara 2. Akautia utumbo kwenye chupa ya plastiki yenye maji baridi, tukapanda naye daladala kwenda kwa mtaalamu wa mifugo mwenye maabara.

Mtaalamu hakushtuka hata kidogo. Minyoo kwenye kuku wanaojitafutia chakula ni jambo la kawaida kabisa, na watafiti walishaichunguza kwa kuku wa vijijini mkoani Morogoro na kuchapisha matokeo yao mwaka 1997. Swali lake la kwanza halikuwa kama kuku ana minyoo. Alitaka kujua ni minyoo gani.

Kuna ya mviringo, mirefu kama tambi, iliyochongoka pande zote mbili. Hiyo ndiyo wengi wanaijua. Na kuna minyoo bapa, yenye mwili kama utepe uliokatwa pingili pingili. Hao ni tegu. Wapo pia bapa wengine wafupi mfano wa jani, na kuna aina inayokaa kwenye mrija wa mayai, ambayo mara chache hukutwa ndani ya yai lenyewe. Hao kuku huwapata kwa kula kerengende. Ukikutana na yai la hivyo usiende kwa mganga.

Kumtambua tegu ni kazi ya subira. Ukimvuta anakatika, kichwa kinabaki kimeng’ang’ania utumboni, na bila kichwa unabahatisha tu. Mtaalamu alichana utumbo kwa mkasi, akauloweka kwenye sahani ya maji, akamng’oa taratibu kwa sindano. Akambana katikati ya vioo viwili, akampaka rangi nyekundu ya maabara, akatuita kwenye hadubini. Wallahi nilichoona ni kichwa kidogo kuliko punje ya chumvi, chenye vinyonyeo 4 vya duara na ndoano juu yake kama taji.

Tegu wanaosumbua zaidi kuku wetu ni wa ukoo unaoitwa Raillietina, na wapo ndugu 3 ambao kwa macho matupu ni rahisi kuwachanganya. Mmoja ana vinyonyeo vyenye umbo la yai na ndoano kama 100, huyo ni tetragona. Wa pili, echinobothrida, vinyonyeo vyake ni vya duara na ndoano ni 200 na zaidi. Wa tatu, cesticillus, ana kichwa kipana kama kavaa kofia, na ndoano ndogo ndogo 400 hadi 500. Ukiminya pingili yake iliyokomaa unakuta kila yai limekaa peke yake kwenye kifuko, wakati kwa wale wawili mayai yanarundikana kadhaa kwenye kifuko kimoja.

Wa jogoo wetu alikuwa huyo wa pili. Na kabla hata ya hadubini alishajitangaza, maana ukuta wa utumbo ulikuwa na vinundu vingi ambavyo mtu anaweza kudhani ni kifua kikuu cha ndege. Vinatokea pale anapojichimbia kichwa.

Halafu yupo mdogo wao, Davainea, ambaye hazidi milimita 4. Ukipasua kuku bila kuangalia vizuri humuoni. Lakini huyo kadogo anachubua utumbo mpaka unatoka damu, na akijaa kwa kifaranga anaua. Kuku humpata kwa kula konokono. Yule mrefu wa kutisha wala siye mbaya kuliko wote.

Mshkaji akatoa pakiti ya dawa yake. Ilikuwa piperazini. Mtaalamu akamwambia, “Kijana, dawa hii ni ya minyoo ya mviringo. Tegu hawaigusi.” Kesho yake akampelekea mtetea mmoja aliyekuwa taabani. Kupasua: ya mviringo hata mmoja hakuna, dawa ilifanya kazi yake. Tegu? Wamesongamana kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Aina ile ile, vinundu vile vile. Jamaa alikaa kwenye benchi la maabara kimya, anahesabu hela kichwani.

Tena banda lenyewe lilikuwa linawalea. Pingili za tegu hutoka na kinyesi. Ukikiangalia kikiwa kibichi utaona vitu kama punje za wali. Sisimizi wanakula mayai yale, kuku anakula sisimizi, na baada ya wiki 2 au 3 tegu mpya amekomaa. Kuku hampi kuku mwenzie moja kwa moja, lazima apite kwa mdudu. Tetragona na echinobothrida wanapita kwa sisimizi, cesticillus kwa mbawakawa. Na kwenye banda la mshkaji, chini ya sahani za pumba, sisimizi walikuwa wanapanga foleni kama wamealikwa.

Akaandikiwa dawa ya tegu, prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito, na akaambiwa siku ambazo nyama na mayai havitaliwa. Sahani zikainuliwa, kinyesi kikawa kinazolewa kila siku. Kuku wapya wa sokoni wanakaa kwenye tenga peke yao kwanza, kinyesi chao kinakaguliwa. Waliobaki 6, wanne wameanza kutaga. Si utajiri, ila si msiba tena.

Na yule binti? Hili ndilo nililomuuliza mtaalamu kwa niaba yake: je, mama mkwe angepata tegu? Jibu ni hapana. Tegu hawa wanakaa kwenye utumbo wa kuku, hawaingii kwenye nyama, na ili wakomae wanahitaji kuku mwenye kumeza mdudu. Tegu wa watu tunawapata kwenye nyama ya ng’ombe au nguruwe isiyoiva vizuri, na hapo wapenzi wa mishkaki ya fasta fasta mnisikilize. Kwa kuku, tupa utumbo, osha mikono na kisu, maana vijidudu vya kuharisha vipo, pika aive. Basi.

Nilimpelekea binti habari hizo mbele ya mchumba wake, makusudi. Mchumba akajikuna kichwa. Wiki 2 baadaye mama mkwe akaalikwa tena, kuku wa Singida tena, safari hii akapasuliwa mlango umefungwa. Mama alikula, akaongeza mchuzi, akafuta mikono, kisha akauliza, “Mwanangu, na firigisi iko wapi?”

Binti akanigeukia mimi, ambaye nilipewa nionje chumvi.