Goma: Karanga, mandazi na sambaza nje ya lango la starehe

Goma haina bustani kubwa ya michezo yenye bembea za umeme na treni za watoto. Ina ziwa, ina uwanja wa mpira, ina mzunguko wa barabara wenye sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu ambako watu hupiga picha, na ina kuta ndefu za hoteli zinazoangalia maji. Wakazi wa mji huu mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini hustarehe humo, na popote wanapokusanyika hakosekani mwenye beseni kichwani: karanga, mandazi, mayai ya kuchemsha, sambusa, sambaza wa kukaanga.

Biashara hii huonekana ndogo kwa anayepita. Lakini ndiyo inayojibu swali la kila Jumapili alasiri: baba mwenye watoto watatu anaweza kuwanunulia nini kwa noti mbili za franka 500?

Ndani ya hoteli za kando ya Ziwa Kivu, bei huandikwa kwa dola. Nje ya lango, hesabu ni ya franka. Kati ya hesabu hizo mbili kuna ukuta, mlinzi na hatua chache tu. Sehemu kubwa ya ufuo wa Goma imekwisha kushikwa na hoteli na makazi ya watu binafsi, kwa hiyo mwananchi asiye na pesa ya soda ya hotelini hulitazama ziwa kutoka sehemu chache zilizobaki wazi, kama vile Kituku. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi nchini Rwanda, kuna ufuo wa umma ambao watu wa Goma wanaufahamu vizuri, ingawa kule uchuuzi wa kutembeza unadhibitiwa vikali.

Kituku ndiko sambaza wanakoanzia safari yao. Usiku wavuvi hutoka na mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji kuwavuta samaki. Alfajiri akina mama wanasubiri kwenye ufuo na mabeseni yao. Wengi hudhani samaki huyu amekuwa Kivu tangu enzi na enzi. Sivyo. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu lilikuwa na samaki wachache wa kuvuliwa katika maji ya katikati. Leo ni vigumu kufikiria jioni ya Goma bila harufu yake kwenye mafuta ya moto. Hukaangwa mzima, hutiwa chumvi na pilipili, na huliwa kichwa na mkia pamoja. Kwa mwenye kinywaji ni kitoweo cha kusindikizia. Kwa mtoto ni zawadi ya matembezi.

Mandazi wana hesabu nyingine, na hapo ndipo biashara inapoonyesha ugumu wake. Tuseme mama ametengeneza mandazi 100 na anauza kila moja kwa franka 200. Akiyamaliza yote ana franka 20,000 mkononi, fedha ambazo hazifiki dola 10. Humo lazima atoe unga, sukari, mafuta, hamira, maji na makala. Kinachobaki ndicho chakula cha jioni cha nyumbani, na ndicho pia unga wa kesho. Mtoto akiugua wiki hiyo, mtaji unaliwa.

Unga wa ngano na mafuta ya kupikia huingia kwa wingi kupitia mipaka, hasa ya Rwanda na Uganda. Makala mengi yanayochomwa Goma hutoka kwenye misitu ya upande wa Virunga na Masisi. Barabara ikifungwa, beseni huhisi mapema. Februari 2024, vita vilipoikata njia ya Sake, mji ulijikuta umebanwa karibu pande zote za nchi kavu, na bei za vyakula na makala zikapanda.

Sasa, mfanyabiashara wa duka akiona gharama zimepanda huongeza bei kidogo. Muuza mandazi hana nafasi hiyo. Kutoka franka 200 hawezi kwenda 230, kwa sababu hakuna noti ya kulipia hizo 30. Ngazi inayofuata kwake ni mbali mno, na mteja ataondoka. Hivyo bei hubaki palepale, mandazi ndiyo hupungua. Watoto wa Goma ni wakaguzi wakali wa jambo hili. Hupima kwa jicho kabla ya kutoa pesa.

Noti zilizochakaa

Tatizo la noti ndogo lilikuwapo zamani, lakini limekuwa zito zaidi tangu mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouchukua mji. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na noti mpya kutoka Kinshasa hazikuja tena kama awali. Noti zilizokuwa mitaani ndizo zilizoendelea kuzunguka, kutoka mkono hadi mkono, hadi zikaraba na kubandikwa gundi ya karatasi.

Anayeuza friji anaweza kukataa noti iliyochanika na kuomba dola. Anayeuza karanga za franka 200 akikataa, amepoteza mteja. Akikubali, huenda muuza unga akamkatalia asubuhi. Hasara ya noti moja mbovu ya franka 1,000 ni faida ya masaa kadhaa ya kutembea juani. Na chenji ikikosekana, si ajabu mteja kurudishiwa bonbon mbili badala ya pesa.

Pesa za simu zimesaidia. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinajulikana hadi vijijini. Lakini ni rahisi kulipia kilo za unga kwa simu kuliko yai moja la kuchemsha. Mteja hatoi simu mfukoni kwa ajili ya yai, na muuzaji hataki kukatwa ada ya kutoa vijisenti.

Upande wa wanunuzi nao umebadilika. Kwa miaka mingi Goma iliishi kwa sehemu fulani kutokana na mishahara ya mashirika ya misaada. Mishahara hiyo ilipopungua, familia zilipunguza matembezi. Wakati huohuo, mshahara ukikatika, beseni ndilo duka la kwanza kufunguliwa, maana halihitaji kodi ya nyumba wala barua ya ofisi. Wauzaji huongezeka pale ambapo wanunuzi wanapungua.

Kinachowashikilia wengi ni likelemba. Wanawake kadhaa huchanga kiasi kidogo kila siku au kila wiki, na zamu ikifika mmoja huchukua chote. Kwa fedha hiyo hununua gunia la unga au dumu la mafuta kwa bei ya jumla badala ya kupima kwa kopo. Likelemba haliandiki mkataba. Linashikwa na kujuana. Ndiyo maana kila wimbi la watu kukimbia, iwe kwa vita au kwa mlima Nyiragongo kama mwezi Mei 2021, huvunja pia vikundi hivi, kwani mwenye zamu na mwenye deni hawajui walipokimbilia.

Tamasha, mpira na maji

Siku za neema zipo. Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014 katika viwanja vya Chuo cha Mwanga, lilikusanya makumi ya maelfu ya watu kwa siku tatu za muziki na ngoma, kwa kiingilio cha dola moja. Aliyeweza kutoa dola ya kuingia alibaki na franka za kula, na nje ya uzio mabeseni yalipangwa mstari mrefu. Kwenye uwanja wa Unité, mchezo wa DC Virunga na AS Kabasha huwa hivyohivyo: karanga kabla ya mpira, mayai wakati wa mapumziko, na baada ya filimbi ya mwisho kila kitu kilichobaki kwa bei ya kushuka.

Mji unaweza kuwapangia watu hawa mahali. Huko Zanzibar, bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa kazi ya mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, na wauza vyakula vya usiku walitengewa sehemu yao mbele ya bahari. Goma ina ziwa zuri kuliko miji mingi, ila muuzaji wake anakaa juu ya jiwe jeusi la volkano, na wenye tikiti za ushuru humfikia hata hapo.

Maji ya kunawa ni jambo jingine ambalo halipaswi kuachwa kwa muuzaji peke yake. Kipindupindu hakijawahi kuwa mbali na Goma, na maji safi mtaani hununuliwa kwa dumu. Mama anayenawa mikono kwa kila mteja anatumia sehemu ya faida yake. Wengine wanafunika beseni kwa nailoni na kuokota mandazi kwa kipande cha karatasi; wateja huwatambua na kuwarudia.

Giza likiingia, watembezi wanarudi Birere, Katindo na Majengo. Karanga zinaweza kungoja hadi kesho. Mayai pia, kama hayajamenywa. Mandazi yaliyobaki huuzwa alfajiri kwa bei ya chini kwa madereva wa pikipiki wanaowahi kazini, na yasiponunuliwa, watoto wa nyumbani huyanywea chai kabla ya shule.