Jembe na Udongo wa Alunguli

Alunguli ni mtaa wa mji wa Kindu ulio kwenye ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Huko, kama kwingineko Maniema, mkulima hukata msitu, huuchoma, kisha hupanda mpunga, mihogo, mahindi au karanga. Mavuno ya kwanza humfurahisha. Baada ya miaka michache hulalamika ya kuwa ardhi imechoka. Wengi husema chakula cha mimea kimekwisha. Ni kweli, lakini udongo wenyewe nao umeharibika.

Ndugu wasomaji, tufanye jaribio ambalo hata watoto wa shule waliweza. Twaeni bonge la udongo kutoka chini ya miti, na jingine kutoka shamba jirani lililolimwa mfululizo. Yaanikeni yakauke, kisha tieni kila moja katika glasi ya maji. La msituni kwa kawaida hubaki zima. La shambani huporomoka, na maji huwa matope.

Sababu yake ni hii. Mizizi, nyungunyungu na majani yaliyooza hushikamanisha chembe za udongo, na kuacha vitundu vya kupitisha maji na hewa. Jembe hulegeza udongo kwa muda. Lakini kila tulimapo, mboji huoza na kwisha upesi zaidi katika joto letu. Moto nao ukiteketeza majani, ardhi hubaki uchi. Ndipo matone ya mvua huvunja mabonge, vumbi lake huziba vitundu, na juu hufanyika ganda gumu. Maji yasiyoweza kuingia hutelemka mtoni pamoja na udongo ulio bora.

Je, tutupe jembe? La, tulitumie kwa kiasi. Tusilime udongo uliolowa, maana hushindiliwa. Tulime mahali pa kupandia tu, na pengine tufunike kwa majani na mabua. Matuta yakingame mteremko. Kwanza palizi yaweza kuwa nzito zaidi, tusikate tamaa.

Tena shamba lipumzike. Huko Yangambi, chini zaidi katika mto huu huu, taasisi ya kilimo INEAC, iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, ilipanga mashamba kwa vipande virefu vilivyotengwa na msitu, ili miti irudi upesi.

Shamba tulimalo leo ndilo watakalolima wanetu. Tusiwaachie ganda tupu.