Mitaa ya Eastlands, Nairobi: Kutoka Kitanda cha Kibarua hadi Makao ya Vizazi

Eastlands ni upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Eneo hili huanzia Muthurwa, Gikomba na Pumwani karibu na katikati ya jiji, likafuata Barabara ya Jogoo kupitia Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo na Jericho, kisha likapanuka hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Wenyeji huliita Eastlando. Mitaa yake ya mwanzo ilijengwa kumlaza mfanyakazi kwa muda, kwa matarajio kwamba kazi ikiisha atarudi kijijini. Waliopanga humo ndio walioigeuza kuwa makao.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi, Wahindi wakakaa karibu na maduka na upande wa Ngara na Parklands, na Waafrika wakabaki na tambarare ya mashariki, penye udongo mweusi unaoshika maji. Hata hivyo Waafrika walikuwa wamekwisha kujijengea vijiji vyao mjini, vikiwemo Pangani na Mji wa Mombasa. Serikali ya kikoloni ilitaka kuwakusanya mahali pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima viwanja vya Pumwani.

Pumwani, ambayo sehemu yake kongwe inajulikana kama Majengo, ilikuwa tofauti na mitaa iliyoifuata. Halmashauri ilitoa kiwanja na mwenyeji akajenga mwenyewe nyumba ya miti na udongo, kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vingine. Wengi wa wenye nyumba hizi walikuwa Waislamu, na wanawake hawakuwa wachache kati yao. Mwanamke aliyekosa haki ya kurithi shamba kijijini aliweza kumiliki nyumba mjini, na mpangaji aliyetoka mbali alimkuta mwenye nyumba wake akiwa mama wa kumwelekeza na kumwonya. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, waliohamishwa walijengewa mtaa wa Shauri Moyo.

Majina mengine ya eneo hili nayo yamehifadhi historia. Kariokor, jirani na Pumwani, ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Landimawe inakumbusha nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli. Soko la Burma linatunza kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma katika Vita vya Pili.

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Nyumba zake za mawe zenye paa za vigae zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati pakawekwa ukumbi wa jamii. Ukumbi huo ulipata nafasi kubwa katika siasa za nchi. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alitaka hadharani uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na mwenzake Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Aprili 1954 jeshi la Waingereza, likiwasaka wafuasi wa Mau Mau, liliuzingira mji katika Operesheni Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa kizuizini. Familia nyingi za Eastlands zilipoteza baba au kaka siku hizo.

Baada ya uhuru aina za makazi ziliongezeka. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa kipato cha kati waliolipia nyumba kwa mkopo. Dandora ilianza katika miaka hiyo ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia: mwenye kiwanja alipewa maji, choo na njia, akajenga vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Katika mitaa ya zamani nyumba zilibaki za kanjo, yaani halmashauri ya jiji, lakini upangaji umerithiwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na pembeni mwa nyumba vikaongezwa vyumba vya mabati kwa ajili ya vijana waliokua au wapangaji wapya.

Ukaribu huo wa kuta umezaa desturi zake. Bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo vilikuwa vya wote, kwa hiyo mtoto alilelewa na ploti nzima, na mama yeyote alikuwa na haki ya kumkemea. Kina mama huweka akiba katika vyama, ambapo kila mmoja hupokea fungu kwa zamu yake na kulipia karo au kununua vyombo. Majengo, mwezi wa Ramadhani, sahani za futari huvuka kutoka nyumba hadi nyumba bila kuuliza dini ya jirani.

Desturi yenye uzito kuliko zote ni ya msiba. Mtu akifariki, majirani na watu wa kwao hukutana kila jioni nyumbani kwa wafiwa. Kamati huchaguliwa, michango huandikwa kitabuni, na nyimbo na sala hufuata. Fedha hizo hulipia mochari, jeneza na gari la kusafirisha mwili hadi mashambani, ambako watu hukuita ushago au shags. Kwa Waislamu mazishi hufanywa upesi, mara nyingi katika makaburi ya Kariokor, na majirani wa dini nyingine hufuata jeneza. Asiyehudhuria misiba ya wenzake huhesabiwa amejitenga na mtaa.

Vijana nao wana viwanja vyao. Mashindano ya kandanda ya Koth Biro huchezwa katika mtaa wa Ziwani kila mwisho wa mwaka, na wachezaji wa ligi kuu hurudi kuchezea timu za mitaani. Watoto wa makabila mengi waliocheza pamoja walihitaji lugha moja, na Eastlands ndiko Sheng ilikokomaa, ikichukua sarufi ya Kiswahili na maneno ya Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na Kikamba. Katika miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka la Dandora liliiingiza lugha hiyo ya mtaani katika muziki wa rapu, na matatu zimeisambaza hadi kila pembe ya Kenya.

Leo nyumba nyingi za zamani zimo katika mipango ya kubomolewa ili kupisha maghorofa. Wakazi wanakubali kwamba mifereji ya majitaka na paa zimechakaa, lakini wanadai wahesabiwe kwanza, wapewe nafasi katika majengo mapya, na kumbi na viwanja vibaki. Dai hilo lina msingi imara. Familia iliyozika wazee wake na kulea wajukuu wake katika chumba kilekile kwa zaidi ya nusu karne imekwisha kuwa zaidi ya mpangaji.