Je, Wajua? Kamba ya Plastiki Iliyofunga Mashamba ya Mkonge

Je, wajua kwamba mkonge wa Tanganyika ulianzia kwenye miche 62? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ilifia njiani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni hiyo 62. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Je, wajua singa za mkonge, yaani nyuzi zake, zilipata wapi soko? Kwa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Mmarekani John Appleby alibuni kifaa cha kupiga fundo, kikafungwa kwenye mashine za kuvunia ngano. Vibarua waliokuwa wakifunga miganda kwa mikono wakakosa kazi, na kila msimu mashine zikahitaji kamba. Kazi iliyopotea huko ikazaa nyingine Tanganyika: Muheza, Korogwe, Pangani, Kilosa na Lindi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Wakataji walitoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kibarua wa mkataba, aliyeitwa manamba, alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ikatiwa alama. Mshahara ulitoka alama zikitimia 30. Siku ya homa haikuwa na alama. Alikata majani yenye miiba nchani, akayafunga matita ya majani 30 na kuyabeba hadi kando ya reli ndogo ya shamba, yapelekwe korona, mashine ya kukamulia singa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba hayo yaliajiri watu zaidi ya 100,000.

Je, wajua kwamba wakati huo mshindani alikuwa ameshazaliwa? Mwaka 1954 Giulio Natta alitengeneza polipropilini huko Italia, na mwaka 1963 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler. Plastiki hii hutokana na mafuta ya petroli. Kamba yake ni nyepesi, haiozi, na ikawa rahisi kuliko ya mkonge. Wakulima wa Ulaya na Marekani wakaihamia. Plastiki haikuwa peke yake: mishahara ilipopanda waajiri walipunguza watu, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 mashamba mengi hayakuendeshwa vizuri. Lakini bei ndiyo iliyovunja mgongo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu.

Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti wa maua, kisha hufa. Ekari kwa ekari za Tanga zilisimama hivyo bila kukatwa, zikageuka vichaka, huku korona zikishika kutu. Taarifa za uchumi zimehesabu anguko hilo kwa tani, na mimi naona hapo ndipo zinapowadhulumu wakataji. Mtu aliyeondoka Kasulu, Kigoma, akiwa kijana, akakata mkonge hadi nywele zikaota mvi, alibaki kambini bila kazi, bila shamba lake, na bila nauli ya kurudia kwao. Wengi hawakurudi. Ndiyo sababu hadi leo Muheza na Korogwe zina Waha, Warundi na Wamakonde wengi, na wajukuu wao wengine hawajawahi kuona walikotoka babu zao.