Samaki huonja kwanza: siri ya mfuko unaorudishwa dukani

Anayevusha chakula cha samaki kupitia Busia au Mutukula anayajua malalamiko haya: samaki hawali. Mfuko una lebo safi, kiwango cha protini kimeandikwa, na karatasi za forodha zimekamilika. Lakini kizimbani punje zinaelea. Sato anaidaka moja, anaitema, anaidaka tena, anaitema na kuondoka zake. Mteja anaamini ameuziwa bandia, naye mwuzaji anaapa kwamba mzigo ni ule ule wa mwezi uliopita. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Samaki hunusa kwanza. Chembe zinazoyeyuka majini, hasa asidi amino zinazotokana na protini, humwambia kwamba chakula kipo karibu. Hiyo humleta mezani tu. Uamuzi wa kumeza hufanywa na ladha, na hapo samaki amejaliwa kuliko mlaji wake. Vinundu vya kuonjea havikai kinywani peke yake. Viko midomoni na, kwa jamii nyingi, kwenye ngozi. Kambare anavyo katika sharubu zake zote nane na mwilini. Aina moja ya kambare wa Marekani imekadiriwa kuwa na vinundu zaidi ya 100,000, wakati binadamu ana elfu chache tu. Kwa hiyo kambare huonja matope ya ziwa kabla hajafungua mdomo.

Mtafiti Alexander Kasumyan wa Chuo Kikuu cha Moscow amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi: anatia kemikali moja katika punje laini ya jeli, anampa samaki aliye peke yake, kisha anahesabu mara anazoidaka, muda anaoishikilia mdomoni na kama ameimeza. Mapitio aliyochapisha mwaka 2003 pamoja na Kjell Døving wa Norway yanaonyesha kwamba kinachompendeza samaki mmoja humchukiza mwingine, hata wakiwa ndugu wa karibu.

Kwa wafugaji wa Ziwa Victoria hilo ni jambo la fedha. Mwaka 1986 watafiti Johnsen na Adams walimchunguza Tilapia zillii, mla majani aliyepandikizwa ziwani humo, wakakuta kwamba anavutwa na asidi amino zilizomo katika majani, miongoni mwao ya glutamiki na ya aspartiki. Walaji nyama huelekea zaidi kwa vitu kama betaini na glisini, ambavyo vimejaa katika samaki na kamba. Ndiyo maana unga wa dagaa, yaani omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, hauna mpinzani rahisi: haulishi tu, unakolea.

Lakini dagaa huyo huyo anagombewa na sahani ya binadamu, na bei yake inapopanda viwanda huongeza soya na mashudu ya pamba. Hapo ndipo mabadiliko yanapojificha nyuma ya lebo isiyobadilika. Soya isiyopashwa moto vya kutosha ina vizuizi vya kusaga protini, na saponini zake huleta uchungu. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo ni sumu ikizidi. Kiwango cha protini kinaweza kubaki pale pale, ilhali mdomo wa samaki umeshatambua.

Kosa jingine ni la njiani, na hili halimhusu mwenye kiwanda. Mzigo ukikaa siku kadhaa chini ya turubai kwenye foleni ya malori, mafuta ya samaki yaliyomo huharibika kwa joto na hewa, yakatoa harufu kali. Mvua ikipenya, ukungu huota, na baadhi ya ukungu huzaa sumukuvu. Dagaa waliokaushwa mchangani huongeza mchanga, ambao hauna ladha wala lishe, ila uzito anaulipia mnunuzi.

Wanunuzi wazoefu huomba tarehe ya kutengenezwa, hufungua mfuko mmoja wa katikati ya lundo na kuunusa, kisha humwaga konzi moja kwenye kizimba cha jirani wakati wa kawaida wa kulisha. Samaki akidaka na kumeza, biashara inaendelea. Akitema mara mbili, wanajadiliana bei papo hapo, kabla mzigo haujavuka, kwa sababu mfuko uliofunguliwa upande wa pili wa mpaka ni nadra kurudi.