Waya wa Umeme Huzeeka Kabla ya Kuungua

Plastiki inayofunika nyaya nyingi za nyumbani huitwa PVC, na kwa kawaida huundwa kuhimili joto la hadi nyuzi 70 za selsiasi. Ukichomeka pasi, jiko na hita kwenye ekstensheni moja, hasa ikiwa imekunjwa chini ya zulia, joto huweza kupita hapo. Kemikali zinazoilainisha plastiki hiyo hutoka kidogo kidogo. Hukauka, hubadilika rangi, kisha hupasuka.

Kwenye nyufa huingia vumbi na unyevu. Umeme wa volti 240 huanza kuvuja, kiasi kidogo mno ambacho fyuzi haikitambui. Cheche ndogondogo huchoma plastiki na kuacha mstari mweusi wa kaboni. Kaboni nayo hupitisha umeme, kwa hivyo kila cheche huirahisishia njia inayofuata. Hayo huweza kuchukua miaka. Moto wenyewe ni dakika chache tu.

Kufunga utepe mweusi juu ya waya uliozeeka ni kuficha ugonjwa. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au soketi ikigeuka rangi ya kahawia, zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA.