Ua wa Vetiva na Mwendo wa Maji

Mkulima wa mteremkoni ambaye shamba lake limepasuliwa na korongo aghalabu huilaumu mvua, mvua ile ile aliyoiombea dua tangu kiangazi kilipoingia. Na lawama hiyo haina haki, kwa kuwa maji yaliyotulia hayana uadui na udongo. Kinachoubeba udongo ni mwendo. Maji yateremkayo kwa mwendo maradufu hupata nguvu za kuchimbua mara nne, na kwa sababu hiyo mteremko usio na kizuizi, hata uwe mfupi, watosha kuugeuza utiririko mwembamba usiofika vifundo vya miguu kuwa mkondo unaochukua mbolea, mbegu na tabaka la juu la ardhi lililohitaji mamia ya miaka kufanyika. Elimu yote ya kuhifadhi ardhi ya milimani, ukiichuja, yabaki kuwa swali moja: maji yapunguzwe mwendo kwa njia gani, na kwa jasho la nani?

Jibu la wataalamu kwa muda mrefu lilikuwa jembe. Ukambani, njia ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu ili ufanye tuta, imewafaa watu wengi, wala sina nia ya kuidharau. Lakini jembe lina mipaka yake, na mipaka hiyo ilionekana wazi katika milima ya Uluguru, ambako serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mahali ambapo udongo wenye rutuba ni haba, na chini yake hakuna ila udongo mtupu usiozaa. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na udongo ule mtupu ulipofukuliwa ukawekwa juu, mazao yalidhoofu mbele ya macho ya wenyewe. Mwezi wa Julai 1955 ghadhabu ikazuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango wote ukaanguka. Kwa insafu yapasa kukiri kwamba mabwana wale wa serikali hawakukosea waliposema kuwa mmomonyoko upo. Walikosea kudhani kwamba mlima hutibiwa kwa kuuchimba, na kwamba mkulima hufundishwa kwa amri.

Ipo njia ya pili isiyochimba kitu ila mfereji mdogo wa kupandia, nayo ni kuweka ua wa nyasi ukate mteremko kwa mkingamo. Nyasi zilizojaribiwa kwa kazi hiyo ni nyingi, zikiwamo mabingobingo na gwatemala, ambazo zina faida kubwa ya malisho. Lakini inayostahili zaidi, kwa maoni yangu, ni vetiva.

Vetiva ni nyasi ya kudumu yenye asili ya Bara Hindi, jamaa ya mchaichai, na mtu asiyeijua akiiona mara ya kwanza yamkini atalichuma jani lake alifikiche na kulinusa akitarajia harufu ya chai. Hatapata kitu, maana manukato ya vetiva yamo mizizini, na kwa ajili ya manukato hayo Wahindi waliithamini karne nyingi. Huota kwa shada nene lililosongamana, hupanda mita moja na nusu hadi 2, na mabua yake ni magumu kiasi cha kusimama wima yapigwapo na maji. Ajabu yake lakini iko chini. Mizizi yake haitambai pembeni kama ya ukoka, bali huzama wima, na katika udongo mzuri huweza kufika mita 3 hata 4. Kwa hiyo haiinyang'anyi mihogo au mahindi ya jirani nafasi, wala mkulima haamki siku moja akakuta imeuteka mstari wa maharage. Vipimo vilivyochukuliwa Malaysia vilionyesha kwamba uzi wa mzizi wake hustahimili kuvutwa kwa nguvu iliyo wastani wa sehemu moja kwa sita ya ile ya chuma laini. Kitovu chake cha kuchipua hukaa chini ya uso wa ardhi, basi moto wa kiangazi ukipita juu, au ng'ombe wakilikanyaga shada na kulitafuna hadi chini, machipukizi hurudi.

Kazi ya ua huu mara nyingi hufahamika kinyume. Haujengwi ili kuyazuia maji, kwani maji yaliyozuiwa kabisa hutafuta mahali dhaifu na kupasua. Hujengwa ili kuyachelewesha na kuyatandaza. Maji yakifika penye ua hupunguza kasi, hutawanyika kwa urefu wote wa mstari, kisha hupenya baina ya mabua, huku udongo yaliyokuwa yameubeba ukibaki nyuma, kama vile tui lipitavyo kwenye kifumbu na kuziacha chicha. Udongo huo ulioachwa hulala dhidi ya ua, msimu baada ya msimu, na vetiva, ambayo hutoa mizizi mipya katika vifundo vya mabua vinapofukiwa, hupanda pamoja nao. Kidogo kidogo hufanyika tuta la asili, pana na la usawa, ambalo hakuna mtu aliyelichimba wala udongo wake wa chini haukufukuliwa. Katika mashamba ya miwa ya Fiji, ambako mtu aitwaye John Greenfield aliipanda vetiva katika miaka ya 1950, nyua zile zilikutwa zingali hai baada ya miongo mitatu, nyuma yake pakiwa na matuta yaliyojijenga yenyewe. Huyo Greenfield pamoja na Richard Grimshaw ndio walioivumisha nyasi hii katika miaka ya 1980, walipokuwa India katika utumishi wa Benki ya Dunia. Walivumisha, nasema, maana hawakuvumbua: wakulima wa Karnataka, kusini mwa nchi hiyo hiyo, walikuwa wakiipanda tangu vizazi vya nyuma kama alama ya mpaka, kwa desturi inayofanana na ile ya Wachaga na masale yao.

Mtu mwenye hadhari atauliza kama mgeni huyu hatageuka kuwa gugu, na swali hilo ni la haki katika nchi zilizokwisha umizwa na magugumaji. Jibu hutegemea aina. Vetiva ya kusini mwa India, ambayo ndiyo iliyoenezwa duniani kwa hifadhi ya ardhi, ni tasa: hutoa maua, lakini mbegu zake hazioti, na hupandwa kwa kugawanya mashina peke yake. Ile ya mwituni kaskazini mwa India hutoa mbegu zenye uhai, na kadhalika jamaa yake wa Kiafrika anayeota kwenye mabonde ya mafuriko. Basi asiyejua asili ya mashina anayopewa asiyapande.

Upandaji huanza kwa kupima. Chombo chake ni fremu ya A, ambayo kijana yeyote aweza kuitengeneza kabla ya adhuhuri: miti miwili mirefu hufungwa pamoja vichwani na kuachanishwa miguu, wa tatu hupigiliwa kati kwa kati, na kutoka kileleni huning'inizwa uzi wenye jiwe uwe timazi. Uzi ukitulia kwenye alama ya katikati ya ule mti wa tatu, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Hapo hupigwa kigingi, fremu huzungushwa kwa mguu mmoja, na kipimo hurudiwa hadi mwisho wa shamba. Kanuni ya kawaida ni kuacha mshuko wa mita 2 baina ya ua na ua, ambao katika mteremko wa asilimia 5 ni umbali wa mita 40, na katika asilimia 20 ni mita 10. Mashada hung'olewa kitaluni mvua zinapoanza, hupasuliwa kuwa vifungu vya mashina mawili matatu, majani hukatwa yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, na wengine huichovya mizizi katika uji wa samadi kabla ya kuipanda. Kifungu kwa kifungu huachana sentimita 10 hadi 15.

Hapa ndipo kazi nyingi njema zinapoharibikia. Mkulima mwenye mashina machache huona heri ayatandaze yafike mbali, akaacha nafasi ya hatua moja baina ya shada na shada, au akaacha lango la kupitia mbuzi, akidhani kwamba nusu ya ua itamletea nusu ya faida. Haimletei. Maji yaliyocheleweshwa na mashada hukusanyika na kukimbilia penye pengo kwa nguvu iliyozidi ile ya awali, na penye pengo huzaliwa korongo ambalo halikuwapo. Afadhali mita 30 zilizosongamana kuliko mita 100 zenye meno yaliyong'oka. Mwaka wa kwanza, kwa hiyo, ni mwaka wa kuziba: kila kifungu kilichokufa hupandikizwa kingine, mifugo hufukuzwa, na magugu hupaliliwa. Fauka ya hayo, vetiva haipendi kivuli. Ua uliopandwa chini ya migomba au miembe hunyongea na kufa taratibu. Ukishafunga, baada ya misimu miwili au mitatu, matunzo hupungua yakawa ya kuukata mara kwa mara kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Madagascar. Reli ya kilomita 163 iendayo kutoka Fianarantsoa hadi bandari ya Manakara hupita katika milima yenye miteremko mikali, na mwaka 2000 vimbunga Eline na Gloria viliporomosha vilima juu yake na kuifunga. Wakulima waliokuwa wakilima juu ya njia hiyo walihesabiwa miongoni mwa sababu za maporomoko, na ingekuwa rahisi kuwafukuza kwa askari. Badala yake walishawishiwa kupanda nyua za vetiva pamoja na miti ya mazao kwenye miteremko ile ile, wakabaki mashambani mwao, na reli iliyokuwa njia yao ya pekee ya kupeleka ndizi na kahawa sokoni ikapata walinzi.

Haifai, hata hivyo, kuitukuza vetiva kupita kadiri. Yenyewe hairutubishi ardhi kama zifanyavyo jamii za kunde. Huirudishia ardhi iliyochakaa unyevu na udongo uliokuwa ukipotea, na mbolea atakayotia mkulima hukaa pale alipoitia. Majani yaliyokomaa ni makavu mno kwa ng'ombe, lakini hufaa kwa matandazo na kuezekea. Watafiti wa Afrika Kusini waliona kwamba nondo wa funza watoboao mabua ya mahindi hupendelea kutaga katika vetiva, na viwavi wanaoanguliwa humo hawaponi. Na manukato yake ni mtihani: Haiti, iliyo mstari wa mbele katika biashara ya mafuta ya vetiva, mizizi hufukuliwa milimani ili ikamuliwe, na ardhi iliyofukuliwa huchukuliwa na mvua. Atakaye mafuta na atafute shamba la bondeni. Ua wa kuhifadhi haung'olewi.

Kwa msomaji mwenye shamba mteremkoni, neno langu ni kwamba asianze na shamba zima. Aanze na kitalu karibu na maji, penye jua, akipande mashina mia moja tu, kwa sababu shina lililotunzwa hutoa makumi ya machipukizi kwa mwaka, na msimu utakaofuata atakuwa na ya kutosha kufunga ua wake wa kwanza, aupande juu kabisa ya shamba, pale maji ya jirani yanapoingilia. Na kabla ya hayo yote amwendee bwana shamba wa kata yake, amwulize ni wapi atakapopata vetiva ya aina tasa.